Van ya mizigo kugeuzwa gari la kulala: hesabu ianze chini ya sakafu

KAMPALA – Toyota HiAce iliyochoka kubeba mizigo inaweza kugeuzwa gari la kulala, likakodishwa kwa watalii au likampa mfanyabiashara malazi anaposubiri forodha Malaba. Faida ipo, ila wengi huanza na godoro na mapazia.

Kwanza umri. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Van ya zamani zaidi itafutwe miongoni mwa zile zilizokwisha sajiliwa nchini.

Pili kutu. Ng'oa sakafu yote, kwangua, chomelea, kisha paka rangi. Ukifunika kutu kwa mbao itaendelea kula bodi, nawe utalipa mara mbili: kubomoa na kujenga upya. Wachomeleaji wako Katwe, vipuri Kisekka, mbao Ndeeba.

Tatu uzito. Lita 60 za maji ni kilo 60 kabla ya tangi na makabati. Gawanya mzigo sawa pande zote mbili. Taa na friji zitumie betri ya pili, ili ile ya injini isiishe usiku. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo weka tundu la kuitoa sakafuni.

Mwisho karatasi. Hati ya usajili ieleze gari lilivyo sasa, kampuni ya bima ijulishwe mabadiliko, na kadi ya njano ya COMESA iwepo. Hati ikisema mizigo na ndani mna vitanda, maswali mpakani hayakosi, na kila siku ya kukwama hula faida.