Alijua "crampon", akaangushwa na "saddle": maneno ya mlimani kwenye mtihani wa kusoma Kiingereza

Tuanze na jaribio dogo. Soma kifungu hiki mara moja, usirudie:

"Tulipofika kwenye mbolinge, kiongozi alituambia tufunge ndifwa kwanza. Njia ilikuwa imejaa kitepwe, na kila hatua mbili mbele ilikurudisha moja nyuma. Upepo ulipozidi, wawili kati yetu wakaamua kuzwema. Sisi tuliobaki tukaendelea hadi kileleni."

Sasa jibu kwa kusema kweli, si kweli, au haijaelezwa. Swali la kwanza: wapandaji walijikinga miguu isiingiwe na kokoto. Swali la pili: kundi zima lilifika kileleni.

Usijilaumu kama umebaki unakuna kichwa. Kifungu kina maneno 32, na manne kati ya hayo nimeyatunga mwenyewe jana usiku. Yaani umeelewa karibu asilimia 88 ya maneno yote, tena kwa lugha unayoiota, na bado huna uhakika na majibu. Majibu nitakupa mwishoni.

Mimi natafiti usomaji katika lugha ya pili, na Jumamosi najitafutia nauli kwa kuwaandaa watu kwa mtihani wa IELTS hapa Moshi. Wengi wa wanafunzi wangu ni wauguzi. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka alama 7 kwenye sehemu ya kusoma, na 7 maana yake ni kupata takribani majibu 30 kati ya 40. Una dakika 60 na vifungu vitatu, na hupewi muda wa ziada wa kuhamisha majibu. Dada mmoja darasani alifanya mtihani akapata 6.5. Nusu alama tu ilimkosesha kazi, na ada ya kurudia mtihani si ya mchezo kwa mshahara wa muuguzi.

Alipokuja kwangu nilimpa kifungu cha mazoezi kuhusu wapanda milima, chenye maswali 13. Akapata manne. Alama hazikunishtua sana. Kilichonishtua ni kwamba huyu dada amezaliwa Marangu, kwenye lango la Kilimanjaro, na baba yake amebeba mizigo ya watalii kwa zaidi ya miaka ishirini. Tena alikuwa amejiandaa! Alinionyesha daftari lenye orodha ndefu ya maneno ya "michezo ya nje" aliyoyakariri: "carabiner", "crampon", "harness", "ice axe". Crampon aliijua vizuri kabisa, vile vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya buti kwa ajili ya barafu. Waliomwangusha walikuwa "saddle", "scramble" na "short of".

Twende taratibu hapa, maana ndipo penye kiini cha jambo.

Watafiti wa usomaji wamejiuliza kwa muda mrefu: mtu anahitaji kujua maneno mangapi katika kila mia ndipo aelewe anachosoma bila msaada? Mwaka 1989 Batia Laufer alipendekeza asilimia 95, yaani neno moja geni katika kila ishirini. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation walifanya jaribio linalofanana na nililokufanyia hapo juu: walichukua hadithi, wakabadilisha baadhi ya maneno kuwa maneno yasiyo na maana, kwa viwango tofauti. Waliosoma hadithi ambayo asilimia 80 tu ya maneno yake yalieleweka, hakuna hata mmoja aliyeielewa ipasavyo. Kwenye 90 na 95 baadhi walifanikiwa. Kwa wasomaji walio wengi, ilionekana panahitajika asilimia 98.

Piga hesabu. Kifungu cha IELTS kina kama maneno 800. Kwa asilimia 98 unaruhusiwa maneno mageni 16. Kwa 95 yanakuwa 40, na hapo kila mstari wa pili au wa tatu una kisiki. Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kufikia 98 kwenye riwaya na magazeti ya Kiingereza kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, ambapo "climb", "climbed" na "climber" huhesabiwa kuwa familia moja. Huwezi kumkaririsha mtu familia 8,000 katika wiki sita. Kwa hiyo swali la mwalimu linabadilika: nikiwa na muda wa kufundisha maneno 100 tu, nichague yapi?

Hapa ndipo orodha nyingi zinapotupoteza. Zinachagua maneno yanayoonekana magumu. Lakini watunga mtihani nao wanaona kwamba "carabiner" ni neno la wachache. Utaratibu wa IELTS wenyewe unasema kifungu kikiwa na istilahi za kitaalamu, maana zake hutolewa pembeni. Na hata zisipotolewa, mara nyingi unaweza kuliruka jina la kifaa: unaona mtu amelifunga kwenye kamba, unajua ni kifaa, unasonga mbele. Swali halitakuuliza carabiner ina umbo gani.

Neno lisilotolewa maana ni lile ambalo kila mtu anadhani unalijua. Laufer aliliandikia jambo hili mwaka 1997: mbali na maneno usiyoyajua, kuna maneno *unayodhani* unayajua, na haya ni hatari zaidi kwa sababu hayakusimamishi. Ukikutana na neno geni unakunja uso, unarudi nyuma, unatafuta dalili. Ukikutana na neno la uongo-rafiki unapita nalo kwa furaha hadi kwenye jibu baya.

Chukua "saddle". Dada yetu alilijua kama tandiko la punda au farasi. Kifungu kiliposema wapandaji walivuka "the saddle" alfajiri, yeye akaona kichwani watu wamepanda farasi, na swali lililouliza kama walitumia wanyama akajibu ndiyo. Kumbe ni ule uwanda ulioinama kati ya vilele viwili, umbo la tandiko kweli ukiutazama kwa mbali. Kilimanjaro inao mmoja maarufu, kati ya Kibo na Mawenzi, na baba yake ameuvuka na mizigo kichwani mara asizoweza kuhesabu.

"Scramble" alilijua kutoka hotelini: mayai ya kuvuruga. Mlimani maana yake ni kupanda mahali ambapo miguu peke yake haitoshi, unashika mwamba kwa mikono, ila bado huhitaji kamba. Ukuta wa Barranco kwenye njia ya Machame unapandwa hivyo. Kuna pia "face", ambayo ni upande wa mlima uliosimama wima. "Pass", njia inayopita katikati ya milima. "Shoulder", bega la mlima chini kidogo ya kilele. Na "exposure", ambalo muuguzi analijua kama kukutana na vimelea vya ugonjwa, kumbe mlimani linaweza kuwa kupigwa na baridi hadi kufa, au kusimama mahali ambapo chini yako ni hewa tupu. Kiswahili nacho kina tabia hiyo ya kuazima mwili, tunasema mgongo wa mlima na mkono wa mto, kwa hiyo wanafunzi wakishaona mchezo wenyewe wanaanza kuyawinda maneno ya namna hii bila kusukumwa.

Kundi la pili ni vineno vidogo vinavyosukuma tukio. Hadithi karibu zote za safari ngumu zinazunguka jambo moja: walifika au hawakufika? Na Kiingereza kina njia nyingi za kulisema hilo bila kutumia "reach" wala "fail". "They turned back 200 metres short of the summit": walirudi zikiwa zimebaki mita 200. Dada yetu aliona "200 metres" na "summit", akaiona "short" akafikiri ni mita chache, akajibu kwamba walifika. Maneno yote ya sentensi hiyo anayajua moja moja! "Press on", "set off", "run out of", "make it to", "barely", "all but": haya ndiyo yanayobeba majibu, na kwenye daftari lake halikuwemo hata moja.

Sasa, kuna habari njema, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Marekani waliosoma maelezo ya mechi ya besiboli. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo walikumbuka na kueleza zaidi ya wasomaji hodari wasioujua. Ukitaka kuamini, mpe profesa asiyefuatilia mpira ripoti ya Simba na Yanga, halafu mpe kijana wa kijiweni, uone nani atakueleza vizuri. Kulijua jambo lenyewe kunaziba mapengo ya maneno.

Basi nikamtuma nyumbani. Kazi yake ilikuwa kumwomba baba amsimulie, kwa Kiswahili au Kichaga, safari moja mbaya kutoka Horombo hadi Gilman's Point, na yeye aandike. Alirudi na kurasa nne: jinsi wanavyoondoka Kibo usiku wa manane, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, jinsi kokoto zinavyoteleza, mgeni anayeanza kutapika na kulalamika kichwa, uamuzi wa nani amshushe. Mzee alikuwa anajua kila kitu kilichomo kwenye kifungu changu, isipokuwa Kiingereza chake. Darasa zima tukakaa tukatafuta Kiingereza cha kila hatua. Kokoto zinazoteleza ni "scree". Mwili kuzoea hewa nyembamba ni "acclimatise". Tulitoka na maneno 60 hivi, kila moja limeshikamana na picha ya mtu fulani akifanya jambo fulani.

Baada ya hapo tukasoma vifungu vinne mfululizo vya mada hiyohiyo. Stephen Krashen aliitetea mbinu hii tangu 1981: ukikaa kwenye mada moja, maneno yaleyale yanakurudia katika sura tofauti, na kifungu cha tatu kinakuwa chepesi kwa sababu ya cha kwanza. Walimu wengi hufanya kinyume, leo nyuki, kesho reli, keshokutwa Mafarao.

Na kukariri? Tulifunga madaftari. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma kifungu mara mbili walikumbuka vizuri zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42 tu, wakati waliosoma mara moja kisha wakajijaribu kukikumbuka walibaki na 56. Kwa hiyo kila Jumamosi inaanza na karatasi tupu: andika unachokumbuka cha wiki iliyopita, ndipo ufungue.

Utauliza, na mtihani ukileta nyuki? Inawezekana sana, sikuahidi mlima. Ila maneno haya yana kazi ya pili. Kwenye sehemu ya kuandika ya IELTS unapewa grafu uieleze, na grafu za Kiingereza zinaelezwa kwa lugha ya mlimani: bei "climbs", inafika "peak", inakaa kwenye "plateau", inashuka kwa "steep fall". Wanafunzi wanaokariri "plateau" kama neno la takwimu hulisahau. Aliyewahi kusimulia uwanda wa Shira baada ya siku mbili za kupanda hana shida nalo.

Dada yetu anarudia mtihani mwezi ujao. Juzi kwenye kifungu kipya, cha watu waliovuka jangwa, alipata 10 kati ya 13, na kati ya matatu aliyokosa, mawili yalikuwa ya mtego wa "haijaelezwa", ugonjwa ambao nao una dawa yake siku nyingine.

Majibu yako haya hapa. "Mbolinge" ni ule uwanda kati ya vilele, na "kitepwe" ni kokoto zinazoteleza. Hayo pengine uliyabahatisha. "Ndifwa" nilikusudia vile vitambaa vigumu vinavyofunika mdomo wa buti hadi muundi ili kokoto zisiingie, kwa hiyo swali la kwanza ni kweli, na hakuna dalili yoyote kwenye kifungu ambayo ingekuwezesha kulijua hilo. "Kuzwema" ni kugeuka na kurudi, basi la pili si kweli. Kama ulidhani waliketi kupumzika kidogo kisha wakawafuata wenzao, umekosa kwa neno moja.