Machweo, Mwambao na Kukodi: Istilahi za Matembezi ya Majini katika Ziwa Tanganyika

Kila shughuli mpya inapoingia katika nchi huja na mzigo wake wa maneno, na mzigo huo huwaangukia kwanza wafasiri, walimu na watumishi wa serikali. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza maneno ya shughuli moja inayozidi kutangazwa katika Mkoa wa Rukwa: kuwachukua wageni kwa mashua jioni, katika Ziwa Tanganyika, ili watazame jua likitua. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kuwa hili ni jambo la starehe lisilostahili kurasa zetu. Lakini tangazo la shughuli hii ni ahadi ya mkataba. Linataja malipo, saa, chombo na usalama wa watu. Neno likitumika vibaya, mtu anaweza kupoteza fedha zake, na pengine uhai wake.

Yafaa tuanze na jiografia, kwa kuwa istilahi nyingi za majini zilizaliwa katika Bahari ya Hindi, na hali ya Ufipa ni tofauti. Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa baina ya maziwa mawili: Ziwa Rukwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Mji wa Sumbawanga uko yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Tanganyika uko yapata mita 770. Kwa hiyo msafiri atokaye Sumbawanga kwenda Kasanga, mwendo wa kilomita 110 hivi kupitia Matai, hushuka karibu kilomita moja kabla ya kufika majini. Upande wa kaskazini, katika Wilaya ya Nkasi, iko Kipili na visiwa vyake. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 673 hivi na kina kifikacho mita 1,470. Nalo ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi.

Pwani, mwambao na ufuko

Neno la kwanza linalomtatiza mfasiri ni lile la mahali. Matangazo mengi husema "pwani ya Ziwa Tanganyika". Neno pwani linatokana na kitenzi kupwa, yaani maji kurudi nyuma na kuacha mchanga wazi. Maji ya bahari hupwa na kujaa kila siku. Maji ya ziwa hayafanyi hivyo. Kina cha ziwa hupanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka, lakini hapana bamvua wala maji mafu. Aidha, katika Tanzania neno Pwani limekwisha kuwa jina la mkoa, na "mtu wa pwani" hufahamika kuwa ni mtu wa kando ya Bahari ya Hindi. Mwanafunzi wa Sumbawanga anayeambiwa kwamba Kasanga iko pwani ana haki ya kuuliza ni pwani ipi.

Lugha yetu ina neno lifaalo zaidi, nalo ni mwambao. Shina lake ni kitenzi kuambaa, yaani kupita kando ya kitu bila kukigusa. Manahodha wa zamani walikuwa wakisema chombo kinaambaa pwani, maana yake kinakwenda sambamba na nchi kavu bila kuiacha mbali. Mwambao basi ni ule ukanda ambao chombo huambaa nao. Neno hili halitegemei kupwa kwa maji, wala halibagui bahari na ziwa. Ndiyo maana "mwambao wa Ziwa Tanganyika" ni maneno yaliyozoeleka, na sisi tunayaunga mkono.

Ufuko, au ufukwe, ni kitu kingine. Huo ni mchanga wenyewe ukutanao na maji. Mwambao wa Ufipa una fuko chache baina ya miamba na miteremko mikali, kwa hiyo maneno haya mawili yasibadilishane nafasi. Anayeahidiwa ufuko atataka mahali pa kukanyaga.

Safari, matembezi na kuambaa

Neno la pili ni lile la shughuli yenyewe. Baadhi ya wafasiri huandika "safari ya baharini", hata pale mashua inapoondoka Kipili. Kosa hilo halihitaji maelezo marefu. Wengine huandika "safari ya mashua". Hili si kosa la sarufi, ila limepungukiwa maana. Safari kwa kawaida ina mwisho wake: mtu husafiri kutoka hapa kwenda kule. Meli ya Liemba, kwa mfano, ilijulikana kwa miongo mingi kwa safari zake baina ya Kigoma na Mpulungu nchini Zambia, ikishusha na kupakia abiria na mizigo katika vituo kama Kipili na Kasanga. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kurudishwa kazini mwaka 1927 kwa jina Liemba. Jina hilo David Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwa ziwa mwaka 1867, likiwa jina la maji yale. Abiria wa Liemba alikuwa msafiri.

Mgeni wa jioni hasafiri. Huondoka gatini na kurejea gati lile lile, na lengo lake ni huko kupita kwenyewe. Wahenga wamesema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Neno la mambo ya namna hii ni matembezi. Wako wanaopinga kwa hoja kwamba kutembea ni kwa miguu. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani watu huenda matembezini kwa gari na kwa baiskeli, na hapana anayeshangaa. Kwa hiyo tunapendekeza "matembezi ya majini" liwe jina la jumla, na "matembezi ya kuambaa" pale chombo kinapokwenda sambamba na mwambao. Tofauti hii ina faida. Msomaji wa tangazo atajua mara moja kwamba chombo hakitavuka kwenda ng'ambo ya Kongo, na ofisa atakayekikagua atajua ni safari ya aina gani inayoombewa kibali.

Machweo na saa zake

Tukio lenyewe linalotazamwa lina majina kadhaa: kutua kwa jua, kuzama kwa jua, machweo. Yote ni sahihi. Hata hivyo, katika mambo ya vyombo vya majini neno kuzama lina kivuli kibaya. Tangazo lisemalo "safari ya kuzama kwa jua" litamfanya msomaji mwenye haraka asome maneno matatu ya kwanza tu na kurudi nyumbani kwake. Machweo ni bora. Neno hili linatokana na kuchwa, kinyume cha kucha. Kucha ni kupambazuka, na kuchwa ni jua kutua. Ndiyo sababu tunasema usiku kucha na mchana kutwa, kwani kutwa ni kuchwa kwa matamshi mengine.

Hapa Ufipa ina bahati ambayo sehemu kubwa ya Mrima haina. Mtu akisimama Bagamoyo au Kilwa, jua huchomoza baharini na kutua nyuma yake, bara. Akisimama Kipili, jua huchwa juu ya maji, kuelekea milima ya Marungu ya upande wa Kongo. Magharibi, kama upande wa dunia, na magharibi, kama wakati wa siku, hapa huonekana mahali pamoja.

Lakini bahati hiyo ina mtego wa tafsiri. Wengi wamezoea kwamba jua hutua saa 12 jioni, na mfasiri huandika saa hiyo bila kufikiri. Tanzania nzima hufuata saa moja, ilhali Kasanga na Kipili ziko mbali sana upande wa magharibi. Huko jua hutua kama nusu saa baada ya kutua Dar es Salaam: kwa kadiri ya majira ya mwaka, ni baina ya saa 12 na dakika 40 jioni na saa 1 na dakika 25 usiku hivi. Aliyeambiwa kwamba mashua itarejea saa 12 na nusu hataona machweo hata kidogo. Hali kadhalika, katika nchi za karibu na Ikweta utusitusi ni mfupi. Jua likishatua, mwanga wa kutosha kuona miamba hudumu dakika ishirini na kidogo tu, kisha giza huingia, na ndio wakati ambao wavuvi wa dagaa huwa wanatoka na taa zao. Kwa hiyo tangazo lizuri litaje mambo mawili waziwazi: saa ya kuondoka na saa ya kurejea gatini. Maneno "safari ya jioni" peke yake hayatoshi.

Binafsi, faragha na chombo kizima

Sasa tufike penye utata mkubwa zaidi. Mgeni anataka mashua ambayo haitapakia watu wengine ila yeye na wenzake. Wafasiri huandika "mashua binafsi" au "mashua ya faragha". Yote mawili hayafai.

Mashua binafsi ni mashua inayomilikiwa na mtu, si na serikali wala shirika la umma. Takriban mashua zote zinazopakia abiria katika vijiji vya mwambao ni za watu binafsi, na kila moja hupokea yeyote mwenye nauli. Anayelipia "mashua binafsi" kisha akaikuta imekaliwa na abiria kumi na magunia ya mahindi hana hoja mbele ya mwenye mashua, kwani ahadi imetimizwa kama ilivyoandikwa. Faragha nayo ni hali ya kujitenga na macho ya watu. Hutumika kwa mazungumzo na vyumba, na ikiwekwa kwenye mashua huleta dhana isiyokusudiwa. Tunapendekeza yaandikwe maneno ya kawaida ya watu: "mashua ya kukodiwa nzima". Yanaeleweka Sumbawanga, yanaeleweka Tanga, na hayana mlango wa pili.

Vilevile vitenzi viwili vitenganishwe. Mgeni hukodi, mwenye mashua hukodisha. Bango lisemalo "hapa tunakodi mashua" linamwambia msomaji kwamba wenye bango wanatafuta mashua ya kuazima kwa fedha. Na malipo pia yana majina mawili: nauli ni malipo ya kila abiria, malipo ya kukodi ni ya chombo kizima, wawe watu wawili au wanane. Stakabadhi ionyeshe ni lipi kati ya hayo.

Maneno ya usalama

Hatimaye tuje kwenye maneno ambayo hayaruhusu uzembe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Viktoria. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao, na watu zaidi ya 220 walifariki. Hatusemi kwamba neno lingezuia msiba huo. Tunasema kwamba onyo lisiloeleweka ni sawa na onyo ambalo halikutolewa.

Maneno "uwezo wa chombo" yana utata, kwani yanaweza kuwa nguvu ya injini, uzito wa mzigo au hesabu ya watu. Yaandikwe "idadi ya juu ya watu", na ielezwe kama nahodha na mabaharia wamo katika hesabu hiyo. Neno boya nalo limebebeshwa mengi. Kwa asili ni kieleacho kinachoonyesha mahali pa nanga au wavu. Siku hizi huitwa boya pia vazi la kumwelesha mtu. Tangazo lisemalo "maboya yapo" halimwambii abiria kama kuna kitu cha kuvaa. Tunapendekeza "jaketi la kujiokolea" kwa vazi, na boya libaki kwa kieleacho kinachorushwa au kutiwa majini. Amri yenyewe iwe fupi: "Vaa jaketi kabla ya kupanda."

Kwa wale watakaohoji kama baharia anaweza kuitwa hivyo ziwani, ambako hakuna bahari, jibu letu ni kwamba matumizi yamekwisha kuamua. Mabaharia wa Liemba waliitwa mabaharia, na neno limetoka katika asili yake bila kudhuru mtu. Hapo ndipo penye kipimo chetu. Neno lililohama bila kumpotosha msikilizaji liachwe liishi. Neno linalompotosha lirekebishwe, hata kama ni zuri masikioni. Pwani ya ziwa inapotosha kidogo, mashua binafsi inapotosha sana, na uwezo wa chombo unaweza kuua.

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya:

Mwambao: ukanda wa nchi kavu na maji ambao chombo huambaa nao, baharini au ziwani.
Matembezi ya majini: mwendo wa chombo kwa burudani, unaoanza na kuishia mahali pamoja.
Matembezi ya kuambaa: matembezi ya majini yanayofuata mwambao.
Matembezi ya machweo: matembezi ya majini ya kutazama jua likitua.
Mashua ya kukodiwa nzima: mashua isiyopakia mtu asiye wa kundi lililolipa.
Nauli: malipo ya abiria mmoja.
Malipo ya kukodi: malipo ya chombo kizima.
Idadi ya juu ya watu: hesabu isiyoruhusiwa kuzidishwa.
Jaketi la kujiokolea: vazi la kumwelesha mtu majini.

Walimu wa Rukwa, hasa wale walio karibu na Kasanga na Kipili, wanaombwa wayapime maneno haya kwa wavuvi na manahodha wa huko, wanaozungumza Kifipa, Kilungu na Kimambwe pamoja na Kiswahili. Ikiwa wao wana neno lililo wazi kuliko haya yetu, hilo ndilo listahililo kuandikwa kwenye bango.