Danzi, Balungi na Furungu: Kununua na Kupika Jamii ya Machungwa Msimu wa Baridi

Mvua za Iringa hukoma kwa kawaida mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na wiki chache baadaye masoko hubadilika sura. Mahindi mabichi hupungua, maharage mapya huanikwa juani, na njegere, maboga na viazi mviringo hujaa mezani. Wakati huohuo malori ya machungwa huanza kupanda Mlima Kitonga yakitokea Muheza na maeneo mengine ya Tanga, safari ya zaidi ya kilomita 500. Katikati ya magunia ya machungwa matamu huwamo matunda ambayo mlaji wa nyanda za juu hayazoei: danzi, balungi, furungu, na malimau makubwa yenye ganda la mabonde. Wengi huyapita. Wengine huyanunua wakidhani ni machungwa, kisha huyatupa baada ya kuonja.

Makala haya yanaeleza namna ya kuyatambua, kuyanunua kwa haki, kuyapika na, kwa wanaotumia dawa fulani, wakati wa kuyaacha kabisa.

Majina hayatumiki kwa namna moja kila soko, hivyo ni salama zaidi kutazama tunda lenyewe. Danzi lina ukubwa wa chungwa la kawaida, ganda lake ni zito na lenye harufu kali, na maji yake ni makali na machungu kwa pamoja. Balungi ni kubwa kuliko chungwa, la mviringo, na uchungu wake huja baada ya utamu. Furungu ndilo kubwa kuliko yote. Laweza kufikia ukubwa wa kichwa cha mtoto, ganda lake lina sponji nyeupe nene, na nyama yake hutoka kwa vipande vikavu visivyochuruzika. Malimau yenye mabonde hutokana mara nyingi na mashina yanayotumika kupandikizia michungwa. Mkulima anayelalamika kwamba mchungwa wake umegeuka kuwa mlimau hajarogwa: kipandikizo kimekufa na shina la chini limechipua.

Rangi na ukomavu

Malalamiko yanayojirudia sokoni ni kwamba machungwa ni mabichi kwa kuwa yana ganda la kijani. Rangi ya ganda si kipimo cha kutegemewa katika nchi yetu. Klorofili, yaani rangi ya kijani ya mmea, huondoka kwenye ganda la matunda haya pale usiku unapokuwa wa baridi. Ukanda wa pwani hauna baridi ya kutosha, hivyo chungwa la Muheza laweza kuwa limekomaa, tamu na lenye maji tele huku ganda likiwa bado kijani. Mche uleule ukipandwa kwenye mwinuko wa Iringa huzaa tunda lenye ganda la manjano zaidi, ambalo si lazima liwe tamu zaidi.

Jambo la pili lina uzito mkubwa zaidi kwa mfuko wa mlaji. Ndizi na parachichi huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Jamii ya machungwa haiivi. Tunda lililochumwa changa litabaki changa hata likikaa kabatini wiki mbili. Muuzaji anayesema "peleka nyumbani litaiva" anauza ahadi ambayo tunda haliwezi kuitimiza. Chukua matunda mawili ya ukubwa unaolingana, yapime kwa mikono miwili, na uchague lililo zito: uzito ni maji. Ganda laini na jembamba kwenye ndimu na limau ni dalili njema pia. Sehemu iliyobonyea na yenye unga wa kijani au bluu ni ukungu. Tunda hilo litupwe lote, kwa kuwa kukata upande mmoja hakuondoi kilichokwisha kupenya ndani, na majirani zake ndani ya gunia wakaguliwe na kufutwa.

Bei nayo ihesabiwe. Matunda haya huuzwa kwa idadi, kwa fungu, kwa tenga au kwa gunia, na fungu la furungu nne laweza kuwa na ganda zaidi kuliko nyama. Pale muuzaji anapotumia mizani, mlaji ana haki ya kuona mizani ikianzia sifuri na iwe na alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Anayenunua kwa gunia akumbuke kwamba lumbesa hairuhusiwi. Huonekana kuwa faida kwa mnunuzi wa jumla, lakini mkulima ndiye anayelipia kilo za juu, na mlaji wa mwisho hupata matunda yaliyopondeka chini ya mzigo.

Danzi jikoni

Kwa samaki na nyama, danzi hufanya kazi ya ndimu na kuongeza harufu ambayo ndimu haina. Perege wa Mtera akipakwa chumvi, kitunguu saumu na maji ya danzi kwa nusu saa hadi saa moja huondokewa na harufu ya tope. Tahadhari: asidi hugeuza nyama ya samaki kuwa nyeupe kana kwamba imepikwa, lakini haiui vijidudu vyote wala minyoo. Samaki huyo bado apikwe hadi aive, na maji aliyolowekwa yasirudishwe kama mchuzi bila kuchemshwa.

Maharage ni habari nyingine. Asidi huzuia ganda na nyama ya punje kulainika. Anayeweka limau, danzi au nyanya mapema ndani ya maharage huchoma mkaa wa saa nzima bila sababu, na kwa mwinuko wa Iringa, ambako maji huchemka kwenye takribani nyuzi 95 badala ya 100, maharage tayari yanachelewa. Subiri yaive kabisa, ndipo uweke kitu kikali. Mboga za majani nazo hupoteza kijani chake na kuwa kahawia zikipikwa na asidi, kamulia mezani. Kukamulia mezani kuna faida nyingine: vitamini C, ambayo joto huiharibu, humsaidia mlaji kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Kikombe cha chai pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Kwa mama mjamzito au mtoto mwenye upungufu wa damu, kuhamishia chai saa moja au mbili baada ya mlo na kuweka kipande cha limau kwenye sahani ni badiliko la gharama ndogo, ingawa halichukui nafasi ya vidonge alivyoandikiwa kliniki.

Matumizi bora kuliko yote ya danzi, kwa maoni ya mwandishi, ni jamu ya maganda. Kwa kilo 1 ya danzi tayarisha lita 2 za maji na kilo 2 za sukari. Sugua matunda kwa maji yanayotiririka, bila sabuni, kwa kuwa ganda litaliwa na huenda limepuliziwa viuatilifu. Kata nusu, kamua, kusanya kokwa na utando wote ndani ya kitambaa safi na ukifunge. Hapo ndipo pektini ilipo, kitu kinachofanya jamu igande. Kata maganda membamba, yaloweke pamoja na maji, juisi na kile kifurushi usiku kucha. Kesho yake chemsha kwa moto wa wastani hadi ganda livunjike kirahisi kati ya vidole. Huchukua saa mbili hivi. Sukari isiingie kabla ya hapo, kwani hukaza ganda na halitalainika tena. Toa kifurushi ukikikamua sana, weka sukari, koroga hadi iyeyuke, kisha ongeza moto.

Vitabu vingi vya mapishi huelekeza jamu ifikishwe nyuzi 104 au 105. Vimeandikwa kwa walio usawa wa bahari. Kinachotakiwa ni takribani nyuzi 4 au 5 juu ya kiwango cha maji kuchemka, kwa hiyo Iringa mjini ni nyuzi 99 au 100. Anayesubiri 105 hupata peremende ngumu iliyoungua. Asiye na kipimajoto aweke tone kwenye sahani baridi na kulisukuma kwa kidole, likikunjamana, limefika.

Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Sufuria ya alumini huliwa na asidi, hasa chakula kikilala humo, na ladha ya chuma ndiyo ishara ya kwanza. Hali ni hiyohiyo kwa achari ya limau. Chupa ziwe za kioo, zichemshwe kwa dakika 15, na zijazwe zikiwa moto. Wingi wa sukari ni wa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayohifadhi. Atakayepunguza nusu aitunze jamu kwenye jokofu na kuimaliza ndani ya wiki chache.

Balungi, furungu na dawa

Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waliokuwa wakichunguza dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini walitumia juisi ya balungi ili kuficha ladha ya pombe katika jaribio lao. Kiwango cha dawa katika damu kilipanda kuliko walivyotarajia, na kosa halikuwa la pombe. Baadaye ilifahamika kwamba balungi lina kemikali zinazozima kimeng'enya kilichopo kwenye ukuta wa utumbo, ambacho kazi yake ni kuvunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Kimeng'enya kikizimwa, kidonge kimoja hufanya kazi kama vidonge viwili au zaidi.

Danzi na furungu zina kemikali za jamii hiyohiyo. Chungwa tamu na chenza hazina tatizo hili kwa kiwango cha kutia hofu. Dawa zinazohusika ni pamoja na felodipini na nifedipini za shinikizo la damu, simvastatini na atorvastatini za kupunguza lehemu, kabamazepini ya kifafa, na siklosporini wanayopewa waliopandikizwa viungo. Matokeo yaweza kuwa kizunguzungu na kuanguka kwa mwenye shinikizo la damu, au maumivu makali ya misuli na madhara ya figo kwa mtumiaji wa simvastatini.

Kutenganisha saa za kula tunda na kumeza dawa hakusaidii, kwa kuwa mwili huhitaji siku moja hadi tatu kutengeneza kimeng'enya kipya. Tunda moja linatosha kuleta athari. Anayetumia dawa hizi aache tunda, asiache dawa, na amwulize mfamasia kabla ya kubadilisha chochote. Wauzaji wa juisi za kusaga wanaochanganya balungi ndani ya "juisi mchanganyiko" wanapaswa kumwambia mteja kilichomo. Watu wazima wengi hapa mkoani wana vidonge vya presha nyumbani na hawajawahi kuambiwa habari hii.

Ngozi nayo huathirika. Maji ya ndimu, limau au danzi yakibaki mikononi na mtu akakaa juani, yaweza kusababisha malengelenge na mabaka meusi yanayodumu wiki kadhaa. Watoto wanaokamua ndimu wanawe kwa sabuni kabla ya kutoka nje.

Bidhaa za chupa

Kwenye lebo, viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Chupa yenye picha ya balungi ambayo orodha yake inaanza na maji, sukari na ladha ni kinywaji chenye ladha. Haina budi kujieleza hivyo. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na jamu au achari iliyofungashwa kwa ajili ya kuuzwa inapaswa kuwa na alama ya ubora ya shirika hilo. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho kutoka SIDO huhudumiwa bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo, hivyo gharama si kisingizio cha kuuza jamu kwenye chupa isiyo na jina wala tarehe.

Mwenye lalamiko ahifadhi chupa pamoja na mabaki, kifuniko na risiti, apige picha lebo yote ikiwemo namba ya toleo, na aende navyo ofisi ya TBS ya kanda au kwa afisa afya wa halmashauri yake. Mabaki yakae kwenye baridi, yasichanganywe na kitu kingine. Kwa suala la mizani, aende ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa, na kwa madhara yanayohusisha dawa, aanze na kituo cha afya.