Mapovu mengi siyo usafi wa vyombo

Kwa wengi waliofika Uingereza na kuanzia maisha kwenye majiko ya mahoteli, kuosha vyombo ndiyo ajira ya kwanza. Ajabu ni kwamba hata wakongwe wa kazi hiyo, wakirudi nyumbani, huminya sabuni ya maji utadhani inatoka bombani.

Ndugu msomaji, chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja hushika mafuta, ya pili hushika maji. Ndiyo maana maji matupu huteleza juu ya mafuta ya samaki, lakini yakitiwa sabuni, mafuta hukatikakatika kuwa matone madogo yakachukuliwa na maji. Kijiko kimoja cha chai kinatosha beseni la lita 5. Povu likifa na maji yakawa mazito, mwaga uanze upya.

Tena anza na bilauri, kisha vijiko na sahani. Masufuria ya mchuzi mwisho. Ukitanguliza sufuria la biriani, bilauri zote zitatoka na utando. Sufuria la ugali usihangaike kulikwangua: lijaze maji ya baridi, liache, ukoko utalainika wenyewe. Vyombo vya mayai navyo vianze na maji ya baridi, kwani ya moto huyagandisha yakang'ang'ania.

Wenyeji wengi hapa huitoa sahani kwenye beseni na kuiacha ikauke na mapovu yake. Mgeni kutoka Tanga au Mombasa hushangaa, na ana haki. Sabuni hii kazi yake kubwa ni kung'oa uchafu na vijidudu. Kusuuza ndiko kunakoviondoa. Halafu vyombo vikauke vyenyewe kwenye kichanja, siyo kufutwa kwa kitambaa kilicholowa tangu jana.

Sasa tuje kwetu sisi wapenda sambusa na bajia. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye sinki, hata kwa maji ya moto na sabuni, maana yakifika kwenye mfereji wa baridi huganda. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, mashariki ya London, lilikutwa bonge la mafuta na vitambaa vya kufutia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani zipatazo 130. Wafanyakazi wa Thames Water walilipiga kwa wiki kadhaa. Na bomba likiziba ndani ya nyumba ya kupanga, huenda ukadaiwa wewe mpangaji.

Mafuta yakipoa, yatie kwenye chupa; kikaangio kifute kwa karatasi ya jikoni kabla hakijagusa maji.