Je, Wajua? Mwili Huzoea Joto la Morogoro Ndani ya Wiki Mbili

Mtu anayehama kutoka Mgeta, kule Uluguru kunakolimwa kabichi na njegere, kwenda Morogoro mjini, anaingia kwenye hali ya hewa nyingine kabisa bila kutoka mkoani. Mji uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kimhandu, kwenye milima hiyo ya Uluguru, kinapita mita 2,600. Kwa kila mita 1,000 unazoshuka, joto huongezeka kwa nyuzi 6 hivi.

Wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichopo mjini hapo, watokao sehemu za baridi kama Njombe au Makete hulitambua hilo mapema, maana masomo huanza mwishoni mwa mwaka, joto likipanda.

Lakini mwili hujifunza, na jambo hili linastaajabisha kweli. Ndani ya siku 7 hadi 14 za kushughulika kwenye joto, majimaji ya damu huongezeka, mapigo ya moyo hutulia, na jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, huku likibeba chumvi kidogo kuliko mwanzo. Ukirudi kwenye baridi, uwezo huo hupotea ndani ya wiki chache.

Hatari kubwa iko siku za kwanza, hasa kwa anayeanza kibarua kizito juani. Aanze kidogo kidogo, anywe maji, apumzike mchana. Ukimwona mgeni anachanganyikiwa na ngozi yake ni ya moto, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, kisha mkimbize hospitali.