Lindo la Heshima Songea: Maana ya Askari Kuinamisha Silaha Mbele ya Mashujaa wa Majimaji

Na Mwandishi Wetu, Songea

Kila ifikapo tarehe 27 Februari, wananchi wa Mkoa wa Ruvuma na wageni kutoka sehemu mbalimbali hukusanyika katika Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, Manispaa ya Songea, kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na utawala wa Kijerumani mwaka 1906. Hotuba hutolewa, ngoma ya lizombe huchezwa, silaha za jadi na mashada ya maua huwekwa kwa heshima ya waliotangulia. Katika kumbukizi za namna hii, kama ilivyo katika Siku ya Mashujaa inayoadhimishwa kitaifa kila tarehe 25 Julai, lipo jambo ambalo wengi hulitazama kwa heshima bila kuelezwa maana yake. Jambo hilo ni gwaride na lindo la heshima.

Mtu anaweza kujiuliza: marehemu analindwa dhidi ya nani? Kaburi haliibiwi wala adui hayupo mlangoni. Makala haya yanaeleza asili ya utaratibu huo, maana ya kila tendo, na sababu inayoufanya uwe na uzito wa pekee katika ardhi ya Songea.

Waliolala Songea

Vita vya Majimaji vilianza mwezi Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, pale wananchi wa Nandete walipong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, ambaye mafundisho yake kuhusu maji ya dawa yaliunganisha makabila yaliyokuwa mbalimbali, alinyongwa mwezi Agosti mwaka huohuo. Hata hivyo, moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Ilipofika Septemba 1905 vita vilikuwa vimeingia Ungoni.

Wangoni walipigana kwa mikuki, ngao na marungu dhidi ya bunduki na bombomu. Baada ya kushindwa kwao, viongozi wengi walikamatwa na kuhukumiwa kifo, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Nkomanile, mwanamke aliyesaidia kuieneza imani ya maji katika Ungoni, naye hutajwa miongoni mwa walionyongwa. Mashujaa 66 walizikwa katika kaburi moja la halaiki. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umebeba jina lake, alizikwa katika kaburi la peke yake. Simulizi za wazee zinaeleza kuwa Wajerumani walichelewesha kumnyonga, naye akakataa kubaki hai ilhali wenzake wamekwisha kuuawa.

Mauti hayakuishia kwenye kitanzi. Jeshi la Kijerumani lilichoma vijiji, likateketeza mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikamaliza waliosalimika na risasi. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo na njaa iliyofuata ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Kwa hiyo kaburi la Songea linasimama pia kwa niaba ya makaburi yasiyojulikana yaliko.

Lugha ya mwili wa askari

Katika mila za kijeshi, kila mkao una maana yake. Askari anapopewa amri ya kutoa heshima kwa silaha, huinua bunduki mbele ya kifua, kana kwamba anamkabidhi anayeheshimiwa. Tendo hilo humwambia mheshimiwa kuwa silaha hii ni yako na haitakudhuru.

Mbele ya wafu hali hubadilika. Bunduki hugeuzwa, mdomo wa mtutu ukaelekea chini hadi kwenye kiatu, mikono ikapumzika juu ya kitako, na kichwa kikainama. Silaha iliyogeuzwa namna hiyo haiwezi kutumika. Katika maisha yake ya kazi, askari hufundishwa kutoiacha silaha yake iwe katika hali ya kushindwa kufyatua. Hapa huifanya hivyo kwa hiari, kuonesha kwamba vita vya waliolala vimekwisha na hakuna tena wa kupigana nao.

Walinzi wanapowekwa kwenye pembe nne za jeneza au mnara, desturi iliyoenea katika majeshi mengi ni kuutazama upande wa nje na kulipa kaburi mgongo. Kwa mtu asiyejua, tendo hilo linaweza kuonekana ni utovu wa adabu, lakini mlinzi hamtazami anayemlinda. Huutazama upande ambako hatari ingeweza kutokea. Kwa kulipa kaburi mgongo, askari anatangaza kwamba aliyelala nyuma yake ni wa kwake.

Kutotikisika nako kuna maana. Jua liwe kali, mvua inyeshe, nzi atue usoni, mlinzi hukaa kimya. Kwa muda wa zamu yake anakuwa kama sehemu ya mnara wenyewe: jina lake, kabila lake na cheo chake havina nafasi, kwa kuwa yupo pale kwa niaba ya taifa.

Buruji na ukimya

Sehemu nyingine ya shughuli hii ni sauti ya buruji. Wimbo wa kwanza hapo zamani ulipigwa kambini usiku kutangaza kuwa ukaguzi wa malindo umekamilika na siku imekwisha. Ukipigwa kaburini, humwambia askari aliyefariki kwamba zamu yake imekamilika na anaruhusiwa kupumzika. Hufuata ukimya. Kisha hupigwa wimbo wa pili, ule wa kuamsha kambi alfajiri, unaowakumbusha walio hai kwamba kazi inaendelea na wao ndio wenye zamu.

Desturi ya ukimya wa dakika mbili ilienea katika nchi nyingi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilipofanyika kwa mara ya kwanza katika himaya ya Uingereza tarehe 11 Novemba 1919. Mwaka uliofuata, Uingereza na Ufaransa zilimzika kila moja askari mmoja asiyejulikana jina, kwa niaba ya wote ambao miili yao haikutambuliwa. Nchini Marekani, kaburi la aina hiyo lililopo Arlington limelindwa usiku na mchana tangu mwaka 1937. Mlinzi hutembea hatua 21 na kusimama sekunde 21, idadi inayolingana na mizinga 21 ya heshima ya juu kabisa.

Mkuki, ngao na sime

Tanzania imeupokea utaratibu huo wa dunia na kuuvika vazi lake. Katika Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa kumbukumbu, na Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime. Viongozi wengine huweka shada la maua, upinde na mshale, na shoka. Usiku wa kuamkia siku hiyo huwashwa Mwenge wa kumbukumbu ya mashujaa.

Mahali pengine mkuki na ngao vinaweza kuchukuliwa kuwa alama tu, lakini Songea ndizo silaha zenyewe walizoshika waliolala hapa. Ngao na mkuki vimo pia katika Nembo ya Taifa. Anayeweka mkuki juu ya kaburi la shujaa wa Kingoni anamrudishia silaha aliyonyang'anywa na aliyemshinda, na kukiri kwamba aliishika kwa haki. Katika kumbukumbu za wakoloni watu hawa waliandikwa kuwa waasi. Heshima ya kijeshi haitolewi kwa mwasi. Hutolewa kwa askari. Kwa hiyo gwaride linaposimama mbele yao, hukumu ya mwaka 1906 inatenguliwa hadharani.

Sare iliyobadilika maana

Hapa ndipo ulipo uzito wa pekee wa lindo la Songea. Jeshi la Wajerumani lililopigana na Wangoni lilikuwa na maofisa wa Kizungu, lakini askari wake wengi walikuwa Waafrika. Walioichoma Ungoni na kuwasindikiza wafungwa kitanzini hawakuwa wageni kwa rangi ya ngozi. Mwafrika aliyevaa sare alimlinda mnyongaji.

Hata baada ya utawala kubadilika, kumbukumbu za kijeshi zilizojengwa nchini ziliendelea kumtukuza askari aliyetumikia mataifa mengine. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Jiji la Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wanastahili kukumbukwa, kwani wengi wao hawakuchagua vita vile. Lakini wakati sanamu hiyo inasimamishwa, hapakuwa na gwaride kwa ajili ya kaburi la halaiki la Songea.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964, neno "Wananchi" lilibeba jibu la historia hiyo: askari atatoka kwa wananchi na atawajibika kwao. Wanajeshi waliofariki katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, ambao mamia yao wamezikwa Kaboya mkoani Kagera, walikufa wakiilinda nchi yao wenyewe. Askari wa jeshi hilo anapoinamisha silaha mbele ya kaburi la Majimaji, sare iliyowahi kumlinda mnyongaji inamlinda aliyenyongwa.

Zamu ambayo haijakamilika

Lindo hili pia ni ahadi. Familia ya Mbano na wazee wa Songea wameeleza kwa miaka mingi kuwa kichwa cha Nduna Songea kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Mheshimiwa Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho hayo, akakutana na wazao wa Nduna na kuomba msamaha kwa matendo ya Wajerumani dhidi ya mababu zao. Aliahidi pia kuwa nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu hilo.

Hadi litakapopatikana, analindwa shujaa ambaye mwili wake haujakamilika kaburini. Buruji humwambia kuwa zamu yake imekwisha, ilhali zamu ya walio hai bado ipo: kutafuta, kuandika, kufundisha na kudai kwa amani.

Wajibu wa mwananchi

Anayehudhuria kumbukizi anashiriki katika lindo hilo. Buruji inapolia, asiye na sare husimama wima kwa utulivu, na mwanamume aliyevaa kofia ya kawaida huivua. Simu hunyamazishwa. Haifai kupita kati ya mlinzi na kaburi, kumsemesha mlinzi au kumsogelea kwa ajili ya picha. Wazazi wanashauriwa kuwaeleza watoto mapema watakachokiona, ili ukimya wa askari usiwe kitendawili kwao.

Makumbusho ya Taifa ya Majimaji hupokea wageni hata nje ya kipindi cha kumbukizi. Siku za kawaida hakuna gwaride wala buruji. Yapo makaburi, sanamu na kumbukumbu za vita. Katika siku hizo, ulinzi wa heshima ya mashujaa unabaki mikononi mwa mwananchi anayefika, akasoma majina yao na kuyasimulia atakaporudi nyumbani.