Asili Tano katika Majina ya Kichina

Katika familia nyingi za Kichina, jina la mtoto halichaguliwi kwa uzuri wa sauti na maana peke yake, bali hupimwa pia kwa asili tano, yaani mti, moto, udongo, metali na maji, ambazo wanafikra wa kale wa China walizitumia kueleza mwendo wa kila kitu, kuanzia majira ya mwaka na viungo vya mwili hadi kuinuka na kuanguka kwa falme. Jina lenyewe kwa kawaida huwa na herufi mbili au tatu: ya kwanza ni ya ukoo, ambayo hurithiwa, na moja au mbili zinazofuata ndizo ambazo wazazi wana hiari nazo. Kwa kuwa kila herufi ya Kichina ina umbo, maana na matamshi yake, hujitokeza swali ambalo vitabu vya majina aghalabu hulipita haraka, nalo ni hili: herufi moja inapataje kuhesabiwa kuwa ya maji na nyingine kuwa ya moto? Majibu yanayotolewa ni manne, nayo hayapatani.

Asili tano hazieleweki kama vitu vitano vilivyotulia, bali kama nguvu zinazofuatana katika mizunguko miwili. Katika mzunguko wa kuzaana, mti hulisha moto, moto huacha majivu ambayo huwa udongo, udongo huzaa metali, metali hutoa maji, na maji hukuza mti. Katika mzunguko wa kushindana, mti hupenya udongo, udongo huzuia maji, maji huzima moto, moto huyeyusha metali, na metali hukata mti. Zou Yan, aliyeishi katika karne ya 3 KK, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuyaunganisha mawazo haya na historia, kwa kufundisha kwamba kila ukoo wa kifalme hutawala kwa nguvu ya asili moja na kuondolewa na ule wenye asili inayoishinda. Katika kuchagua jina, hesabu hiyohiyo huteremshwa kutoka kwenye falme hadi kwa mtoto mmoja mchanga.

Hesabu huanza na wakati wa kuzaliwa, unaoandikwa kwa nguzo nne, yaani mwaka, mwezi, siku na saa, na kila nguzo huwa na alama mbili: moja kutoka katika mfululizo wa alama 10 ziitwazo mashina ya mbinguni, na nyingine kutoka katika alama 12 ziitwazo matawi ya ardhini. Jumla ni alama nane, na kila alama imekwisha kupangiwa asili yake. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2000 saa sita mchana anafaa kuwa mfano. Mwaka wake unahesabiwa bado kuwa ule wa 1999, kwa sababu katika hesabu hii mwaka hugeuka mwanzoni mwa Februari, na alama zake ni ji na mao, za udongo na mti. Mwezi wake ni bing na zi, za moto na maji. Siku yake ni wu na wu, ambazo zinasikika karibu sawa lakini huandikwa tofauti, ya kwanza ikiwa ya udongo na ya pili ya moto. Na saa yake inarudia alama zilezile za siku. Kwa jumla mtoto huyu ana udongo mara tatu, moto mara tatu, mti mara moja, maji mara moja, na metali hana kabisa. Kama angechelewa hadi saa tisa na nusu alasiri, alama za saa yake zingekuwa geng na shen, zote mbili za metali, na upungufu huo usingekuwapo.

Katika desturi ya watu wa kawaida, asili inayokosekana huongezwa kwa jina, na mfano unaojulikana na karibu kila msomaji wa Kichina umo katika hadithi fupi ya Lu Xun ya mwaka 1921 iitwayo Guxiang, yaani kijiji cha nyumbani, ambamo mwana wa kibarua anaitwa Runtu kwa sababu alizaliwa katika mwezi wa nyongeza wa kalenda, uitwao run, na kwa sababu nyota yake ilipungukiwa na udongo, uitwao tu. Hata hivyo wapiga hesabu wenye kisomo huikataa njia hii ya kuhesabu kilichopo na kisichopo. Kwao alama muhimu kuliko zote ni shina la siku, linalosimama badala ya mtoto mwenyewe, na kinachotafutwa ni kama shina hilo lina nguvu au ni dhaifu katika mwezi alimozaliwa, ili ijulikane ni asili gani itakayoleta mizani. Huenda asili iliyokosekana ndiyo ambayo ingemdhuru mtoto kama ingeongezwa, na hivyo jina lililotolewa kwa nia ya kumponya likawa, kwa hesabu zao wenyewe, limemwongezea maradhi.

Ikishajulikana asili inayotakiwa, hutafutwa herufi inayoibeba, na hapa ndipo njia nne zinapoachana. Iliyo wazi kuliko zote ni ya umbo. Herufi nyingi za Kichina zina sehemu iitwayo kiashiria, inayodokeza maana iko upande gani, na kamusi ya Kangxi iliyokamilika mwaka 1716 ilipanga herufi zaidi ya 47,000 chini ya viashiria 214. Vitano kati ya hivyo ndivyo mti, moto, udongo, metali na maji, kwa hiyo herufi yenye matone matatu ya maji ubavuni, kama hai, yaani bahari, huhesabiwa kuwa ya maji bila ubishi mkubwa. Zipo hata herufi zinazorudia alama moja mara tatu, kama xin (鑫) yenye metali tatu, miao (淼) yenye maji matatu na sen (森) yenye miti mitatu, nazo hupendwa na wazazi wanaotaka upungufu uzibwe kwa namna isiyoweza kutiliwa shaka. Tatizo ni kwamba viashiria 209 vilivyobaki havimo katika asili tano, na herufi zilizo chini yake ni nyingi mno kuweza kuachwa. Kwa hizo hutumika njia ya pili, ya maana, ambayo kwayo jua na mwangaza huwekwa katika moto, mlima katika udongo, mvua katika maji na upanga katika metali. Lakini maneno kama uaminifu, furaha na amani hayana mahali pa dhahiri katika mpango huo, na kila mtunzi wa kitabu cha majina huyaweka anapoona panafaa.

Njia ya tatu ni ya sauti, nayo inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko nyingine kwa sababu imejificha ndani ya orodha nyingi bila kutajwa. Wanasarufi wa kale wa China waligawanya konsonanti za mwanzo wa silabi katika mafungu matano kulingana na mahali zinapotokea kinywani, na mafungu hayo yakaunganishwa na asili tano: sauti za midomo zikawa za maji, za ulimi zikawa za moto, za meno zikawa za metali, za magegoni, kama g na k, zikawa za mti, na za koo zikawa za udongo. Mgawanyo huo ni mzuri kama sarufi, lakini matamshi hayasimami mahali pamoja. Herufi wen (文), yenye maana ya uandishi na ustaarabu, na herufi wei (伟), yenye maana ya ukuu, huanza leo kwa sauti moja katika Kichina sanifu cha Beijing, ila orodha za majina huiweka ya kwanza katika maji na ya pili katika udongo. Sababu ni kwamba zamani wen ilianza kwa m, sauti ya midomo, kama inavyotamkwa mpaka leo katika Kikantoni, ambako ni man, ilhali wei ilianzia kooni. Mzazi anayeisoma orodha hiyo bila maelezo hana namna ya kujua kwamba mtoto wake anapewa asili kwa mdomo wa watu waliokufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Njia ya nne huhesabu mistari ya kalamu inayohitajika kuandika herufi, na tarakimu ya mwisho ya hesabu ndiyo inayoamua: 1 na 2 ni mti, 3 na 4 moto, 5 na 6 udongo, 7 na 8 metali, 9 na 0 maji. Mistari haihesabiwi kama inavyoandikwa leo bali kama ilivyo katika kamusi ya Kangxi, kiasi kwamba matone matatu ya maji huhesabiwa kuwa mistari minne, kwa kuwa herufi kamili ya maji ina minne. Njia hii hutangazwa mara nyingi kuwa hekima ya kale ya China, lakini mfumo unaotumika sana leo, wa kuligawa jina katika vyumba vitano vya hesabu, ulitungwa na Mjapani, Kumasaki Kenō, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kisha ukapelekwa China. Ugeni wake hauufanyi kuwa mbaya, lakini mteja anayeuziwa mali ya mababu anastahili kuambiwa kwamba mababu hao hawakuijua.

Jinsi njia hizi zinavyogongana huonekana vizuri katika Li (李), mojawapo ya majina ya ukoo yanayobebwa na watu wengi zaidi China. Kwa umbo ni ya mti, kwa kuwa mti ndio uliosimama juu yake na mtoto akiwa chini, na maana yake ni mti wa plamu; kwa sauti ni ya moto, kwa kuwa l hutamkwa kwa ulimi; kwa mistari ni ya metali, kwa kuwa inaandikwa kwa mistari saba. Herufi moja imepata asili tatu, na mbili kati ya hizo zinapigana na ya tatu, kwa kuwa moto huyeyusha metali, na metali hukata mti.

Mashaka juu ya jambo hili hayakuletwa na wasomi wa kisasa. Katika enzi ya Han, mtaalamu wa muziki na utabiri Jing Fang, aliyeishi kuanzia mwaka 77 hadi 37 KK, aliacha jina la ukoo wake, Li, na kujichagulia Jing kwa kupima sauti kwa filimbi za vipimo. Lakini katika karne iliyofuata Wang Chong, ambaye hakuwa na subira na ushirikina wa zama zake, alipinga desturi ya kuyapanga majina ya ukoo katika sauti tano ili kujua mlango wa nyumba uelekee wapi, akisema kwamba watu walipata majina hayo kwa asili ya kizazi chao, wala si kwa namna kinywa kinavyofunguka. Katika karne ya 7 Lü Cai, aliyepewa na mfalme Taizong wa Tang kazi ya kusahihisha vitabu vya utabiri, alionyesha kwamba orodha za wakati ule hazikufuata kanuni yoyote inayoeleweka, kwani majina mengine yalipangwa kana kwamba kwa vina na mengine bila kuzingatia sauti kabisa, na lilikuwapo hata jina moja lililowekwa katika mafungu mawili. Hoja hizo hazijajibiwa mpaka leo.

Hata hivyo itakuwa si haki kuipima desturi hii kwa utabiri peke yake, kwa sababu yapo matumizi yake mengine ambayo hayakuahidi bahati bali yaliweka utaratibu, nayo ndiyo yaliyo bora. Mwanafalsafa Zhu Xi, aliyeishi kuanzia mwaka 1130 hadi 1200, alikuwa mwana wa Zhu Song, ambaye jina lake ni msonobari na lina kiashiria cha mti. Chini ya herufi xi yapo matone manne ambayo katika maandishi ya Kichina husimama badala ya moto, kwa kuwa mti huzaa moto. Wanawe Shu, Ye na Zai walipewa herufi zenye udongo, na wajukuu zake herufi zenye metali. Aliyeliona jina likiandikwa aliweza kujua mwenyewe ni wa kizazi gani, nani ni baba yake mdogo hata kama amempita umri, na nani anastahili kuamkiwa kwanza.

Ukoo wa kifalme wa Ming, uliotawala kuanzia mwaka 1368 hadi 1644, uliufanya utaratibu huo kuwa sheria. Wana wa mwanzilishi, Zhu Yuanzhang, walipata herufi zenye mti, akiwamo Zhu Di aliyekuja kuwa mfalme; kisha ukafuata moto katika Zhu Gaochi, udongo katika Zhu Zhanji, metali katika Zhu Qizhen, maji katika Zhu Jianshen, na mti ukarudi katika Zhu Youtang. Mzunguko uliendelea bila kukatika hadi Zhu Youjian, mfalme wa mwisho aliyetawala kutoka Beijing, ambaye jina lake lina mti tena baada ya mizunguko miwili kamili. Wana wa kifalme walipoongezeka, herufi za kawaida hazikutosha, ikabidi zifukuliwe zilizosahaulika na kuundwa mpya. Nchini Korea koo nyingi zilifuata njia hiyohiyo, kila kizazi kikishirikiana herufi yenye asili inayozaliwa na ile ya kizazi kilichotangulia.

Leo koo chache za mijini zinashika utaratibu wa vizazi, lakini hesabu ya upungufu imeingia katika programu za simu, ambazo hutoa jibu mara tu saa ya kuzaliwa inapoandikwa, kila moja ikitegemea orodha yake. Serikali ya China ilitoa mwaka 2013 jedwali la herufi sanifu 8,105, na mzazi anayekwenda kutafuta asili nje ya jedwali hilo humwachia mtoto usumbufu wa muda mrefu, kwa kuwa kompyuta za benki na za tiketi za ndege mara nyingi hazina herufi hiyo. Wengine hukimbilia upande wa pili, kwenye herufi zinazopendwa na wote, kama zi (梓), ambao ni aina ya mti, na han (涵), yenye maji, zikiunganishwa kuwa Zihan, jina ambalo maji yake yanalisha mti wake. Limeenea kiasi kwamba walimu hulazimika kuwatofautisha wenye jina hilo ndani ya darasa moja, ingawa watoto hao walizaliwa siku na saa tofauti, na kwa hesabu ileile iliyodaiwa kuwaongoza wazazi wao, walihitaji asili tofauti.